Mhariri, maua ni yaleyale ila dawa siyo ileile

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nanunua pale stendi ya Buzuruga karibu kila Jumapili, na kazi yangu ni mwalimu wa kemia sekondari moja hapa Ilemela, nalisema mapema ili nisionekane nimezuka tu. Wiki mbili zilizopita mlitoa ukurasa mzima wa miti 10 inayotibu kansa na kuongeza kinga ya mwili, picha nzuri, rangi zimetulia, na namba 4 mkaweka yale maua ya pinki na meupe yenye petali tano yanayoota mbele ya kila nyumba huku kwetu, ambayo ukivunja tawi linatoa utomvu mweupe, kitaalamu Catharanthus roseus. Mkaandika chemsha majani kiganja kimoja, kunywa glasi 2 kutwa, halafu mkamalizia kwamba hata hospitali wanatumia "maua hayohayo". Hapo kwenye hayohayo ndipo nimekaa chini kuandika, maana hilo neno lilishatugharimu kwetu.

Dada yangu kaolewa Ukerewe. Mwaka juzi mtoto wake wa miaka 6 alianza kuvimba taya la kushoto, tukajua jino, akapewa dawa za jino, ikawa haipungui, na meno yakaanza kucheza mdomoni kama ya mzee. Dada akapanda naye meli ya Nansio kuja Mwanza, na mle melini, katikati ya wauza karanga na wauza soda, kulikuwa na kijana ana vidumu vya lita 5 na bango la picha ya ua, anatangaza na kipaza sauti, uvimbe, kansa, presha, sukari, na kinga inapanda. Elfu thelathini kidumu. Dada akashuka bandarini mtoto mkono huu kidumu mkono huu. Sasa mimi mwalimu wa kemia, nakiri hapa mbele ya wasomaji wako wote, sikukimwaga. Mama yetu aliniambia, "Baba, si ndiyo maua wanayotengenezea dawa ya hospitali? Wewe mwenyewe ulishasema." Na kweli nilishasema, tena kwa kujisifu, siku moja tukiwa tunakula. Basi mtoto akanywa kikombe asubuhi kikombe jioni wiki tatu, akaharisha, taya likazidi, mpaka jicho likaanza kusukumwa nje ndipo tukashtuka.

Hospitali ya rufaa wakakata kinyama, wakapima, wakasema ni Burkitt. Kwa wasioijua, hii ni kansa ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 akiwa Uganda, yaani ng'ambo tu ya ziwa hili, inawapenda sana watoto wa kanda zenye malaria nyingi kama yetu, na mwaka 1964 wataalamu wakaona virusi vya Epstein-Barr ndani ya seli zake. Ni moja ya kansa zinazokua haraka kuliko zote, seli zake zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Pigeni hesabu wenyewe wiki tatu za kidumu ni nini.

Akaanzishiwa dawa, mchanganyiko, na moja ndani yake ni vinkristini, inatoka kwenye maua hayohayo ya bango la melini. Ndiyo, mama alikuwa sahihi na mwandishi wenu yuko sahihi, hapo sibishi. Ila kile nilichokiona siku ya kwanza ni sindano ya maji meupe, na nilipouliza ndani yake kuna dawa kiasi gani nikaambiwa kama miligramu 1. Miligramu 1 Mhariri, ni punje mbili tatu za sukari ya dukani. Uvimbe wenyewe ukaanza kunywea ndani ya siku chache, sijawahi kuona kitu kama kile, jicho likarudi mahali pake. Baada ya sindano kadhaa tukaanza kuona kitu kingine, kandambili zinamvuka. Anatembea, mguu haunyanyuki mbele, kandambili inabaki nyuma, anarudi kuivaa, hatua tatu imevuka tena, ikabidi mama azifunge na kipande cha lastiki kwa nyuma. Na vifungo vya shati vikawa vinamshinda, na choo kigumu. Daktari hakushangaa, akasema ndiyo tabia ya hii dawa, inagusa mishipa ya fahamu, na ile mirefu ndiyo inaanza kuumia, ndiyo maana miguu, ila mara nyingi inarudi taratibu.

Hiyo "tabia ya hii dawa" ikanikaa kichwani. Jumamosi moja nikaenda shuleni hakuna wanafunzi nikachora ubaoni molekuli mbili, vinkristini na dada yake vinblastini, zote zinatoka mmea uleule. Vinblastini ina kaboni 46, haidrojeni 58, naitrojeni 4 na oksijeni 9. Vinkristini kaboni 46, haidrojeni 56, naitrojeni 4, oksijeni 10. Umeona? Dude lina atomi zaidi ya 110, ubao ulijaa, na tofauti yao iko pembe moja tu, kwenye naitrojeni mojawapo, huku kumening'inia kaboni yenye haidrojeni tatu, na huku kaboni hiyohiyo imebaki na haidrojeni moja na imeshika oksijeni. Basi. Na kwa hiyo pembe tu, vinblastini inapiga zaidi uboho wa mifupa, chembe nyeupe za damu zinashuka, wakati vinkristini uboho inauacha nafuu lakini inakwenda kwenye mishipa ya fahamu, na ndiyo inayopendwa kwa leukemia (kansa ya damu) za watoto na hii Burkitt. Kandambili za mpwa wangu zilikuwa zinavuka kwa ajili ya oksijeni moja.

Zinafanyaje kazi, kwa mtu wa ziwani ni rahisi kuelewa. Seli ikitaka kugawanyika inasokota kamba za protini, inaitwa tubulini, zinavuta vitu vya urithi huku na huku kama watu wa kokoro wanavyovuta nyavu pande mbili. Hizi dawa za maua zinazishika zile protini zisisokoteke kuwa kamba, seli inakwama katikati, inakufa, na kwa kuwa seli za kansa zinagawanyika hovyo ndizo zinazoumia zaidi. Shida mishipa ya fahamu nayo inatumia kamba hizohizo kama barabara ya kusafirishia vitu vyake mpaka kwenye vidole vya miguu. Kuna dawa ya mti mwingine wa Marekani, paklitakseli, yenyewe ni kinyume, inazuia kamba isifunguke ikishasokotwa, na molekuli yake ina mkia pembeni ambao ukiukata unabaki na dude kubwa la bei halafu halina kazi karibu yoyote.

Turudi kwenye kidumu. Vinblastini mmea unaitengeneza kwa kuunganisha nusu mbili, moja inaitwa vindolini nyingine katharanthini, na kwenye majani hizo nusu ndizo zimejaa, ile iliyounganika ni ya kutafuta kwa tochi. Nusu peke yake haifanyi ile kazi. Inatajwa kwamba unahitaji kilo kama 500 za majani makavu kupata gramu 1 ya vinblastini, na vinkristini ni adimu zaidi ya hapo, ndiyo maana viwandani wanachukua vinblastini na kuigeuza ile pembe niliyosema iwe vinkristini. Na kwenye mmea huu kuna alkaloidi nyingine, yaani kemikali za mimea za ukoo huohuo, zaidi ya 100, zikiwemo za kushusha presha. Kwa hiyo anayechemsha kiganja cha majani anakunywa supu ya vitu chungu nzima, kile anachokitaka kiko kidogo mno, na asivyovitaka anavyo vya kutosha. Mpwa wangu labda aliharisha kwa hilo au kwa maji ya kidumu, sijui, lakini uvimbe haukusikia kitu.

Na sasa hili la kinga, hapa ndipo nilicheka kicheko cha hasira. Mwaka 1952 Kanada kuna daktari alipokea bahasha ya majani haya kutoka Jamaika, kule walikuwa wanayanywa kama chai ya kisukari, akampelekea mdogo wake Robert Noble aliyekuwa mtafiti. Noble akawanywesha panya, sukari haikushuka, hamna kitu. Wakaona basi tuwadunge. Panya wakaanza kufa kwa maambukizi, kupima damu wanakuta chembe nyeupe zimeporomoka. Ndipo wakajiuliza, kama inaua chembe nyeupe, si inaweza kusaidia kwenye kansa ya damu ambako chembe nyeupe zimezidi? Noble na mwenzake Charles Beer, aliyekuwa mkemia, wakaitenga vinblastini, wakatangaza mwaka 1958. Kwa maana hiyo huu mmea uliingia hospitali kwa sababu UNASHUSHA kinga, na ulipokunywewa tu haukufanya lolote la maana. Kijana wa melini anauza kwamba unapandisha, nanyi mkaandika hivyohivyo. Mtu mwenye ukimwi akisoma namba 4 yenu akaamini?

Naomba nisiishie kwenye maua maana mtasema nina kisa na maua. Siku hiyohiyo ya Jumamosi nilirudi nyumbani nikamfanyia mama maonyesho jikoni, nikachukua tonge la ugali wa udaga (muhogo) na pamba ya dukani, nikadondoshea iodini kote kuwili. Ugali ukawa mweusi wa bluu palepale, pamba ikabaki na rangi ya iodini tu. Mama akasema sawa, ugali na pamba ni vitu viwili, kuna ajabu gani. Ajabu ni kwamba vyote viwili ni sukari ileile ya glukosi imeunganishwa mnyororo, ila kwenye ugali kila pingili imeungwa ikiangalia upande huu na kwenye pamba upande ule. Kwa hilo tu kimoja unashiba na kingine tunakivaa. Na ukiunga glukosi hiyohiyo kwa namna ya tatu, kama uyoga unavyofanya kwenye ukuta wa seli zake, chembe zetu nyeupe zina kipokezi maalumu cha kuutambua mnyororo ule na zinaamka, maana zinajua fangasi kaingia. Kuna dawa ya sindano inaitwa lentinani inatokana na uyoga, Wajapani waliitumia pamoja na dawa za kansa ya tumbo. Mama hapo ndipo akanyamaza kidogo, halafu akaniambia nimeharibu ugali.

Na kwa kuwa tumeitaja pamba, wafugaji wa huku wanajua mashudu ya pamba ng'ombe anakula vizuri tu lakini nguruwe ukimzidishia anakufa. Jirani yangu Buhongwa alipoteza watatu. Ndani ya mbegu ya pamba kuna kitu cha njano, gosipoli, ng'ombe mkubwa tumbo lake lina namna ya kukidhibiti, nguruwe hana. Gosipoli imeumbwa na nusu mbili zinazofanana kabisa, zimeshikana katikati lakini haziwezi kuzunguka, kuna vitu vimebanana pale kwenye kiungo, kwa hiyo zinajikuta zimekaa kama kandambili, kuna ya kushoto na kuna ya kulia (nimezizoea kandambili jamani mnisamehe). Atomi ni zilezile kwa idadi. Lakini ya kushoto ndiyo yenye makali, ndiyo inayoharibu mbegu za kiume, na ndiyo inayoua seli za kansa zaidi maabara, ile ya kulia ni dhaifu. Wachina miaka ya 1970 waliwapa wanaume kama dawa ya uzazi wa mpango, wengine potasiamu ikashuka kwenye damu, wengine uzazi haukurudi tena. Ile ya kushoto ikajaribiwa kwa wagonjwa wa kansa pia na mpaka leo haijawa dawa ya kansa ya kununua. Sasa mtu wenu kesho akiandika "mbegu za pamba zinaua seli za kansa" atakuwa hajadanganya hata neno moja.

Mkitaka mmea unaoamsha kinga kweli upo, ila uko Chile, mti unaitwa Quillaja, gome lake linatoa povu kama sabuni. Ile sabuni yake ukiichambua kuna sehemu inaitwa QS-21, na ndiyo iliyomo kwenye chanjo ya malaria RTS,S waliyoanza kuwapa watoto Kenya mwaka 2019, tena huko huko mwambao wa ziwa upande wao. Kazi yake ni kuishtua kinga iichukulie chanjo kwa uzito. Molekuli yake ina kichwa cha mafuta, pande mbili zimeshikwa na minyororo ya sukari, na mkia mrefu, ukiuondoa ule mkia nguvu inapungua sana, inabaki povu. Na ikiwa peke yake ni kali, sabuni ni sabuni, inapasua chembe nyekundu za damu, kwa hiyo wanaifungia kwanza ndani ya vidonge vidogo vya mafuta na kolesteroli ili makali yapoe ndipo wanadunga, tena kiasi kidogo kabisa, chini ya sehemu ya kumi ya miligramu. Hakuna anayechemsha gome. Povu kwenye sufuria siyo kipimo cha kinga, wauza dawa wa Kirumba mnaotikisa chupa mbele za watu nawaona.

Sipingi miti Mhariri, mseto wa malaria tunaomeza kila mwaka, dawa moja ndani yake imetokana na mmea wa Kichina, na nimeshapona nao sijui mara ngapi. Ninachopinga ni kuandika mti kana kwamba mti ni kidonge. Mmea ni duka zima, na ndani ya duka kuna vitu vinavyofanana kama mapacha mmoja anatibu mwingine anaua au wote hawana habari na wewe. Mkiandika mti semeni basi ni kitu gani ndani yake, kimejaribiwa kwa nani, kwenye glasi ya maabara, kwa panya au kwa watu, kwa kunywa au kwa sindano, na kiasi gani. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo hapahapa Mwanza, nauli ya daladala tu, mwandishi aende akaulize kabla hajapanga picha.

Lingine ni namba 7 yenu, majani ya mstafeli. Hiyo naomba muiondoe haraka. Mstafeli una vitu vinaitwa asetojenini, ni minyororo mirefu ya mafuta yenye kipete mwishoni, maabara vinaua seli za kansa vizuri sana kwa kuzizimia umeme, ile mitambo midogo ndani ya seli inayotengeneza nguvu. Lakini ule mnyororo wa mafuta unavipenyeza mpaka kwenye ubongo, na ubongo nao unaishi kwa umeme huohuo. Kisiwa cha Guadeloupe ambako wanakula sana stafeli na kunywa chai ya majani yake, mwaka 1999 madaktari waliripoti watu wengi wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka), wanakakamaa, wanaanguka, na dawa za kawaida za Parkinson haziwasaidii, wakauhusisha na hiyo chai. Tunda mtu akila siku mojamoja sisemi kitu, hata mimi nalipenda. Majani glasi 2 kutwa "bila kukoma", hivyo ndivyo mlivyoandika, bila kukoma!

Mpwa wangu yuko darasa la pili sasa, amerudi Ukerewe, kandambili hazimvuki tena labda akiwa anakimbia. Tatizo langu limebaki moja, mama amekata ule ukurasa wenu na kuubandika jikoni juu ya jiko la mkaa, na namba 7 kaizungushia kalamu nyekundu kwa sababu jirani ana mstafeli na magoti yanamsumbua. Juzi nilijaribu kuubandua akanishika mkono. "Wenzako wameandika gazetini," akaniambia, "wewe umeandika wapi?"

Ndiyo hapa nimeandika. Mkiitoa naomba herufi ziwe kubwa, macho yake siyo mazuri.

Mwalimu wa kemia,
Ilemela, Mwanza